Mbinu za usasabaadaye katika filamu za vita za Afrika Mashariki

Mbinu za usasabaadaye katika filamu za vita ni njia za kusimulia vita kwa sinema zinazomkumbusha mtazamaji kwamba anachokiona kimetengenezwa na mtu, na kwamba tukio lilelile lingeweza kusimuliwa vingine. Miongoni mwa mbinu hizo ni filamu ndani ya filamu, kuchanganya picha halisi na picha za kuigiza, kuvuruga mpangilio wa wakati, na kuwapa nafasi wasimulizi wengi wanaopingana.

Katika Afrika Mashariki na nchi za jirani mbinu hizi zina historia yake. Kwa muda mrefu kamera ilikuwa mikononi mwa wageni au watawala, na vita vingi havikupigwa picha kabisa. Kwa sababu hiyo waongozaji wa Rwanda na Kongo waliozitumia hawakufuata mtindo wa Ulaya tu. Walikuwa wanajibu swali gumu: vita visimuliweje iwapo picha zilizopo zina walakini, au hazipo kabisa?

## Maana ya neno

Usasabaadaye (wataalamu wengine husema usasaleo) ni mkondo wa fikra na sanaa ulioenea katika nusu ya pili ya karne ya 20. Mwanafalsafa Mfaransa Jean-François Lyotard, katika kitabu chake cha mwaka 1979, aliueleza kuwa ni hali ya kutoziamini tena simulizi kuu, yaani zile hadithi kubwa zinazodai kueleza historia yote kwa mpigo mmoja, kama vile maendeleo, ustaarabu au ushindi wa taifa.

Wasomaji wa Kiswahili wamekutana na mbinu hizi katika riwaya, hasa Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi. Riwaya hizo hazifuati mstari mnyoofu wa wakati, na hazimpi msomaji msimulizi mmoja wa kumtegemea.

Filamu ya vita ya kawaida hufanya kinyume chake. Ina shujaa, ina adui, ina mwanzo na mwisho, na mara nyingi mwisho ni ushindi. Mtazamaji hatakiwi kuuliza kamera ilikuwa wapi wala nani aliishika.

## Mbinu kuu

* Filamu ndani ya filamu: mhusika ni mtengenezaji wa filamu, au kamera yenyewe inaonekana ikifanya kazi. Mtazamaji anaonyeshwa jinsi hadithi inavyotengenezwa.
* Kuchanganya halisi na maigizo: picha za kweli zinawekwa pamoja na zilizoigizwa, au watu waliopatwa na tukio wanaliigiza wao wenyewe.
* Kuvunja wakati: matukio hayafuatani kwa tarehe. Yanakuja kama kumbukumbu inavyokuja, kwa vipande na kwa kurudiarudia.
* Sauti nyingi: tukio moja linasimuliwa na watu mbalimbali, na filamu haimtangazi mmoja kuwa mkweli.
* Mwingilianomatini: filamu inakopa kutoka filamu, vitabu au taarifa za habari za zamani, na mtazamaji anatakiwa kuutambua mkopo huo.
* Kejeli: jambo zito linaonyeshwa kwa namna ya mzaha ili upuuzi wa vita uonekane.

Mbinu moja peke yake haiifanyi filamu kuwa ya usasabaadaye. Simulizi za kurudi nyuma, kwa mfano, zimekuwepo tangu siku za mwanzo za sinema. Kinachotazamwa ni kama mbinu hiyo inatumiwa kuuhoji ukweli wa picha yenyewe.

## Chimbuko duniani

Vita Kuu ya Pili ya Dunia (1939–1945) iliacha matukio ambayo watu wengi waliona hayawezi kusimuliwa kwa njia ya kawaida, kama vile mauaji ya halaiki ya Wayahudi na mabomu ya nyuklia ya Hiroshima na Nagasaki. Mwaka 1959 Alain Resnais alitoa Hiroshima mon amour, filamu inayochanganya kumbukumbu za watu wawili na kuuliza kama mgeni anaweza kusema ameiona Hiroshima.

Mwaka 1966 Gillo Pontecorvo alitoa filamu kuhusu vita vya ukombozi vya Algeria, iliyopigwa kwa namna ya taarifa za habari. Watazamaji wengi walidhani ni picha halisi, ingawa kila kitu kilikuwa kimeigizwa. Filamu hiyo ilionyesha jinsi ilivyo rahisi kuifanya picha ionekane ya kweli.

Vita vya Vietnam viliingia sebuleni kwa njia ya televisheni. Katika Apocalypse Now (1979) mwongozaji Francis Ford Coppola anaonekana mwenyewe kama mtu wa televisheni akiwaambia askari wasitazame kamera, waendelee kupigana. Filamu hiyo ilitokana na riwaya ya Joseph Conrad kuhusu Kongo ya wakati wa ukoloni. Hivyo hadithi iliyoanzia katika misitu ya Afrika ya Kati ilihamishiwa Asia, na Wakongo wenyewe hawakuwemo tena.

## Kamera na vita katika Afrika Mashariki

### Vita Kuu ya Kwanza

Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia mwaka 1914 hadi Novemba 1918. Mbali na askari, vita hivyo viliua makumi ya maelfu ya wapagazi Waafrika waliobeba chakula na risasi, wengi wao kwa magonjwa, njaa na uchovu. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam linatokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza.

Hata hivyo filamu mashuhuri kuliko zote kuhusu vita hivyo, The African Queen (1951) ya John Huston, ni hadithi ya mapenzi ya wazungu wawili katika mashua. Waafrika wanaonekana mwanzoni kijiji chao kikichomwa moto, kisha karibu wanatoweka. Meli ya Kijerumani inalipuliwa mwishoni. Meli iliyoigwa katika hadithi hiyo ni Graf von Goetzen ya Ziwa Tanganyika. Hiyo haikulipuliwa na mashua yoyote: Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma mwezi Julai 1916 ili isitekwe. Iliopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Watu wengi duniani wanaijua meli ya sinema. Walioisikia Liemba ni wachache zaidi.

### Zanzibar, 1964

Filamu ya Kiitalia Africa Addio (1966) ya Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi ina picha zilizopigwa kutoka angani juu ya Zanzibar siku chache baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Zinaonyesha makundi ya watu na maiti. Picha hizo zimetajwa mara nyingi kama ushahidi wa nadra wa mauaji ya siku zile.

Tatizo ni namna zilivyowekwa. Sauti ya msimulizi inawadharau Waafrika na kuomboleza kuondoka kwa wakoloni, muziki unamwongoza mtazamaji nini cha kuhisi, na mtu hata mmoja wa chini hahojiwi. Waongozaji hao walishutumiwa pia kuwa baadhi ya matukio ya filamu, hasa ya Kongo, yalipangwa kwa ajili ya kamera. Jacopetti alichunguzwa nchini Italia na akaonekana hana hatia. Hivyo mwanafunzi wa historia anakabiliwa na picha inayoweza kuwa ushahidi wa kweli ndani ya filamu yenye upendeleo. Kuitupa ni kupoteza ushahidi. Kuiamini yote ni kukubali maneno ya msimulizi wake.

### Idi Amin mbele ya kamera

Mwaka 1974 mwongozaji Barbet Schroeder alitengeneza filamu ya hali halisi kuhusu Idi Amin, mtawala wa Uganda kuanzia 1971 hadi 1979, na kuiita picha iliyochorwa na Amin mwenyewe. Amin alipanga sehemu nyingi za filamu hiyo. Katika sehemu moja anaongoza shambulio la mazoezi linaloigiza kutekwa kwa milima ya Golan kutoka kwa Israeli, kwa askari wachache na helikopta. Ni vita vilivyochezwa kwa ajili ya kamera tu.

Mtazamaji anaweza kucheka. Lakini katika filamu hiyohiyo Amin anamkaripia waziri wake wa mambo ya nje, Michael Ondoga, katika kikao cha mawaziri, na msimulizi anaeleza kwamba majuma mawili baadaye maiti ya waziri huyo ilikutwa katika mto Naili. Mzaha na kifo vimekaa katika mkanda mmoja. Amin alipopata habari za sehemu zisizompendeza, aliwakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda na kudai zikatwe. Schroeder alizikata, kisha akazirudisha baada ya Amin kupinduliwa. Hivyo hata urefu wa filamu ulikuwa sehemu ya historia yake.

Baadaye sura ya Amin ilihamia kwa waigizaji. Mkenya Joseph Olita alimwigiza katika filamu ya Sharad Patel ya mwaka 1981, na tena katika Mississippi Masala (1991) ya Mira Nair. Forest Whitaker alipata Tuzo ya Oscar kwa kumwigiza katika The Last King of Scotland (2006), ambamo daktari Mskoti ni mhusika wa kubuni.

### Vita vya Kagera

Majeshi ya Amin yalivamia mkoa wa Kagera mwezi Oktoba 1978. Tanzania ilijibu, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Mwaka 1980 ilitolewa filamu ya hali halisi Vita vya Kagera, iliyotengenezwa na Kampuni ya Filamu Tanzania kwa ushirikiano na Taasisi ya Picha na Sauti. Filamu hiyo inasisitiza ushujaa wa askari wa Tanzania.

Hii si filamu ya usasabaadaye. Ni simulizi ya taifa lililovamiwa likashinda, na kwa hilo ina thamani kubwa, kwa kuwa safari hii kamera ilikuwa mikononi mwa Watanzania. Umuhimu wake kwa mada hii ni kama kipimo. Ukiiweka karibu na filamu ya Schroeder, unaona vita kabla ya vita vikiigizwa na mtawala, kisha vita vya kweli vikisimuliwa na mshindi. Sauti ya mkulima wa Kyaka aliyepoteza nyumba, au ya raia wa Uganda aliyengoja majeshi yapite, inabaki kutafutwa kwingine.

## Rwanda: filamu ambayo haikutengenezwa

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda mwaka 1994 yaliua watu wapatao laki nane au zaidi katika muda wa siku mia moja hivi. Filamu za kwanza zilizovuma duniani, kama Hotel Rwanda (2004), zilifuata njia ya kawaida ya shujaa mmoja.

Mwaka 2011 zilitoka filamu mbili zilizochukua njia nyingine. Kinyarwanda ya Alrick Brown inafuma hadithi sita zinazopishana kwa wakati, nyingine zikihusu Waislamu wa Kigali waliowaficha majirani zao. Matière grise ya Mnyarwanda Kivu Ruhorahoza inamhusu kijana aitwaye Balthazar anayetaka kutengeneza filamu kuhusu mauaji hayo na kunyimwa fedha, kwa kuwa ofisi inapendelea mada nyingine. Baada ya hapo mtazamaji anaonyeshwa filamu ileile ambayo Balthazar hajaweza kuitengeneza: mtu aliyefungiwa chumbani na mende, halafu kaka na dada walionusurika.

Mende huyo si pambo. Wauaji waliwaita Watutsi mende, na neno hilo lilitangazwa redioni.  Ruhorahoza anaonyesha neno likifanya kazi kichwani mwa mtu, na hapo filamu ndani ya filamu inafaa, kwa kuwa kinachosimuliwa ni ugumu wenyewe wa kusimulia.

## Kongo: walioumia wanaigiza

Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana yenyewe kwa yenyewe mjini Kisangani, katika nchi ambayo haikuwa ya yeyote kati yao. Mamia ya raia waliuawa na wengi zaidi walijeruhiwa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mwaka 2005 kwamba Uganda inawajibika kwa madhara iliyoyasababisha Kongo, na tarehe 9 Februari 2022 ikapanga fidia ya dola za Marekani milioni 325.

Mwongozaji Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, aliwafuata majeruhi wa vita hivyo katika filamu ya mwaka 2020 En route pour le milliard. Wengi wao wamekatwa miguu au mikono. Wanapanda mashua kubwa na kusafiri kwa Mto Kongo hadi Kinshasa kudai fidia yao. Katikati ya safari hiyo ya kweli, Hamadi anaweka vipande vya mchezo wa kuigiza ambao majeruhi haohao wanaucheza jukwaani kuhusu yaliyowapata.

Hapa mbinu ya kuchanganya halisi na maigizo ina maana tofauti kabisa na ile ya Amin. Amin aliigiza vita ili aonekane mkubwa. Majeruhi wa Kisangani wanaigiza ili wasikilizwe, kwa sababu kwa miaka karibu ishirini hakuna aliyewasikiliza.

Mfano mwingine ni The Congo Tribunal (2017) ya Mswisi Milo Rau. Mwaka 2015 alipanga mahakama isiyo ya kiserikali mjini Bukavu na Berlin kuchunguza vita na uchimbaji madini wa Kongo Mashariki, pamoja na mauaji ya Mutarule ya mwaka 2014. Mahakama hiyo haikuwa na nguvu za kisheria, lakini mashahidi walikuwa mashahidi wa kweli. Swali linalobaki ni hili: kwa nini ilihitajika sanaa ili watu hao wasikike mahali panapofanana na mahakama?

## Karatu na Ngorongoro: vita bila filamu

Ngorongoro ni kati ya sehemu za Tanzania zilizopigwa picha nyingi zaidi. Serengeti darf nicht sterben (1959) ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael ilishinda Tuzo ya Oscar mwaka 1960. Michael alifariki katika ajali ya ndege Januari 1959, na kaburi lake liko ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro. Filamu ya Howard Hawks Hatari! (1962), pamoja na John Wayne na Hardy Krüger, ilipigwa kaskazini mwa Tanganyika, na waigizaji walishiriki wenyewe kukamata wanyama. Katika filamu zote mbili nchi hii ni nchi ya wanyama kwanza.

Lakini ni nchi iliyopita vita vingi. Katika karne ya 19 Wamaasai waliwashinda Wadatoga na kuwaondoa katika nyanda za Ngorongoro. Wadatoga bado wanayaheshimu makaburi ya wazee wao ndani ya kreta. Jina Mang'ati, ambalo wengi huwaitia Wadatoga hadi leo, limetoka kwa Wamaasai na maana yake ni adui. Wairaqw wa nyanda za Mbulu na Karatu nao walikuwa na nyumba zilizochimbwa ndani ya miteremko ili kujificha wenyewe pamoja na mifugo wakati wa uvamizi. Wakati wa utawala wa Wajerumani ndugu wawili wa ukoo wa Siedentopf walikuwa na mashamba ndani ya kreta, wakayapoteza kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza. Katika Vita Kuu ya Pili walowezi Wajerumani wa Tanganyika, wakiwemo wa Oldeani karibu na Karatu, walihesabiwa raia wa nchi adui.

Vita hivyo havina mkanda wa filamu. Vina makaburi, magofu, nyumba za kuchimbwa, majina na simulizi za wazee, na simulizi hizo hazilingani: Mdatoga, Mmaasai na Mwiraqw hawawezi kutarajiwa kueleza kushindwa na kushinda kwa namna moja. Filamu ya kawaida ingelazimika kumchagua msimulizi mmoja. Filamu ya sauti nyingi inaweza kuwaweka wote watatu mbele ya mtazamaji, kila mmoja mahali pake, na kuonyesha kwamba hata jina la kabila linaweza kuwa neno la mshindi.

## Ukosoaji

Mbinu hizi zina wapinzani. Hoja ya kwanza ni kwamba kuuhoji ukweli wa kila picha kunaweza kuwasaidia wanaokanusha mauaji. Mwaka 1991 mwanafalsafa Jean Baudrillard aliandika kwamba Vita vya Ghuba havikutokea, akimaanisha kwamba watu waliona vita vya televisheni tu. Wengi walimjibu kwamba waliokufa walikufa kweli. Hoja ya pili ni kwamba filamu hizi huonyeshwa zaidi katika matamasha ya nje kuliko kwa watu zinaowahusu.

Filamu za Rwanda na Kongo zilizotajwa hapa zinatoa jibu kwa hoja ya kwanza. Hazisemi kwamba mauaji hayakutokea au kwamba ukweli haupo. Zinatofautisha tukio na picha ya tukio. Mguu uliokatwa Kisangani haujadiliwi. Kinachojadiliwa ni nani amepewa nafasi ya kueleza ulivyokatika.

## Maswali ya kumsaidia mtazamaji

Anayetazama filamu yoyote ya vita, mpya au ya zamani, anaweza kujiuliza:

* Nani aliishika kamera, na nani alilipia?
* Sauti ya nani inasimulia, na nani anaonekana bila kusema?
* Picha ipi ni ya tukio lenyewe, ipi imeigizwa, na je, filamu inakiri tofauti hiyo?
* Nini kilikatwa, na kwa amri ya nani?
* Je, kuna watu waliopatwa na vita hivyo ambao hawamo kabisa?

## Tazama pia

* Vita vya Kagera
* Mapinduzi ya Zanzibar
* Mauaji ya kimbari ya Rwanda
* Hifadhi ya Ngorongoro
* Wadatoga
* Euphrase Kezilahabi